Karanga za Pasadena, pete za Challenger

Waokoaji waliofungua mlango wa chombo cha anga cha Kisovieti, Soyuz 11, kwenye nyika za Kazakhstan, alfajiri ya 30 Juni 1971, waliwakuta Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev wamekaa kwenye viti vyao, wamekufa. Parachuti lilikuwa limefunguka vizuri na chombo kilitua kikiwa kizima. Tatizo lilitokea juu kabisa, sehemu za chombo zilipokuwa zikitengana: valvu ya kusawazisha hewa ilifunguka kabla ya wakati wake, na hewa yote ikavujia nje. Watu hao watatu hawakuwa na suti za kuwakinga, kwa sababu chumba kile kilikuwa kidogo mno kwa watu watatu waliovaa suti. Soyuz iliyofuata kubeba watu iliruka 27 Septemba 1973 ikiwa na wawili tu, Vasily Lazarev na Oleg Makarov, kila mmoja ndani ya suti mpya ya Sokol. Wakarudi salama. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka walikuwa wametazama filamu moja ya Kisovieti ya mwaka 1970, kisa cha askari wa Jeshi Jekundu jangwani. Tangu hapo wanaanga wanaorushwa kutoka Baikonur, kituo cha kurushia roketi kilichoko Kazakhstan, huitazama filamu hiyohiyo kabla ya safari. Na siku ya safari, kila mmoja huvaa Sokol.

Suti na filamu zimeshika nafasi zao kwa zaidi ya nusu karne. Moja inaokoa roho ya mtu hewa ikivuja. Nyingine haiwezi kuokoa chochote, na hakuna mwanaanga mwenye akili timamu atakayesema inaweza. Hata hivyo zote mbili zinaheshimiwa, na kwa miaka mingi watu wamezicheka desturi hizi kana kwamba ndizo aibu ya sayansi. Mimi naona kicheko hicho kimelenga pasipo. Imani ya bahati inayojulikana na wote kuwa ni imani ya bahati haijawahi kulipua roketi. Iliyoua watu ni nyingine, ile iliyovaa koti la uhandisi, ikaandikwa kwenye ripoti na kupigiwa kura mezani.

Kwanza tuzitazame hizo za wazi, maana ni nyingi na zina utamu wake. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, akielekea kwenye roketi 12 Aprili 1961, aliomba basi lisimame akajisaidia haja ndogo kwenye tairi la nyuma la kulia. Wanaume waliomfuata wakafanya vivyo hivyo kwenye tairi lile lile, wanawake hawalazimiki. Kabla ya hapo mtu hupanda mche kwenye njia ya miti ya wanaanga, na husaini mlango wa chumba chake hotelini. Roketi inapotolewa kwa treni kwenda jukwaani, kikosi kitakachopanda hakiendi kuitazama, ni nuksi. Padri wa Kiorthodoksi huinyunyizia maji ya baraka. Ndani ya chombo hutundikwa mwanasesere kwa uzi, na huyu angalau ana kazi: injini zikizimika naye akaanza kuelea, kila mtu anajua wameshafika mahali pasipo na uzito.

Ukiitazama vizuri, hata ile ya tairi ilianza na hitaji la kweli. Mtu aliyefungwa ndani ya suti kwa saa nyingi lazima afikirie kibofu chake. Wiki tatu baada ya Gagarin, tarehe 5 Mei 1961, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, Alan Shepard, alilazwa ndani ya chombo chake huko Florida akisubiri safari ya dakika 15. Kwa kuwa safari ilikuwa fupi, hakuna aliyepanga mahali pa kujisaidia. Urushaji ukacheleweshwa kwa saa kadhaa, na mwishowe aliruhusiwa kujikojolea ndani ya suti. Asubuhi hiyo alikuwa amekula nyama na mayai, na chakula hicho nacho kikageuka desturi ya Wamarekani. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyozaliwa: mtu wa kwanza alifanya alichokihitaji, akarudi hai, na wa pili hakutaka kuwa wa kwanza kuacha.

Je, zinasaidia? Lazarev na Makarov walirudi Baikonur na kuruka tena pamoja 5 Aprili 1975. Safari hii hatua za roketi zilishindwa kuachana sawasawa, chombo kikajinasua kwa dharura na kuanguka kwa kasi ya kutisha, miili yao ikibanwa kwa nguvu iliyopita mara 20 ya uzito wao. Waliokoka. Tarehe 11 Oktoba 2018, Aleksey Ovchinin na Nick Hague waliondoka kwa Soyuz MS-10, na dakika mbili baadaye roketi ya pembeni iligonga kiini cha roketi kubwa. Uchunguzi ulikuta kwamba pini ya kihisio cha kutenganisha ilipindwa wakati wa kuunganisha roketi. Hao nao waliokolewa na mfumo wa dharura, kazi ya wahandisi ambao wengi wao hatuyajui majina yao. Baada ya ajali hizo hakuna aliyesema basi filamu imeshindwa kazi, tuiache. Desturi ya bahati haihesabiwi makosa. Mafanikio huwekwa upande wake, na ajali hutafutiwa sababu nyingine. Ndiyo sababu haiwezi kufa kwa ushahidi.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwaweka njiwa wenye njaa kwenye masanduku, chakula kikija kila baada ya sekunde 15, hata kama njiwa hafanyi lolote. Sita kati ya wanane wakaanza vituko: mmoja akizunguka kinyume cha mwendo wa saa, mwingine akisukuma kichwa kwenye kona ya juu ya sanduku. Skinner alisema kila njiwa alikuwa akirudia kile alichokutwa akikifanya chakula kilipokuja. Watafiti waliofuata wamebishana naye kuhusu tafsiri hiyo, na wana hoja, lakini umbo la kosa lenyewe tunalijua sote: jambo lilifuatana na jambo, basi la kwanza limesababisha la pili.

Maelezo ninayoyapenda zaidi ni ya zamani kidogo. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand katika Pasifiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwamba waliovua kwenye maji tulivu ya ndani ya miamba hawakuwa na uganga wowote. Kule mavuno yalikuwa ya uhakika. Waliotoka kwenda bahari kuu, penye hatari na samaki wasiotabirika, walikuwa na dawa na makafara chungu nzima. Watu ni walewale, na ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni ukubwa wa sehemu ya kazi iliyokuwa nje ya mikono yao.

Nadhani hapo ndipo karanga za Pasadena zinapoeleweka. Maabara ya JPL iliyoko Pasadena, California, inayoendesha vyombo vya NASA, shirika la anga la Marekani, vya kwenda sayari nyingine, ilirusha vyombo sita vya Ranger katika mradi wa kufika Mwezini kati ya 1961 na mwanzoni mwa 1964, na zote sita zilishindwa. Ranger 7 iliporushwa 28 Julai 1964, mhandisi mmoja aligawa karanga chumbani ili wenzake wapate cha kushika na kutafuna badala ya hofu. Siku tatu baadaye chombo kiligonga Mwezi kama kilivyokusudiwa, kikiwa kimetuma picha zaidi ya 4,300. Tangu hapo karanga huwa mezani katika nyakati kubwa. Zilikuwapo gari la utafiti la Curiosity lilipotua Mirihi Agosti 2012.

Fikiria kilichokuwa kikitokea usiku ule wa Curiosity. Kuingia kwenye anga ya Mirihi hadi kutua huchukua dakika kama saba. Ishara ya redio kutoka Mirihi ilichukua karibu dakika 14 kufika duniani. Kwa hiyo Pasadena ilipopokea habari kwamba chombo kimegusa anga, chombo hicho kilikuwa kimeshatua, au kimeshavunjika, dakika saba zilizopita. Hapakuwa na kitufe cha kubonyeza. Watu waliotumia miaka kumi ya maisha yao kwenye kazi moja walikuwa wamekaa wakisubiri kuambiwa jambo ambalo tayari limetokea. Mikono iliyozoea kurekebisha haikuwa na la kurekebisha, ikachukua karanga. Siwezi kuwacheka watu hao. Sijui binadamu angefanya nini kingine dakika zile.

Na tukumbuke kilichotangulia karanga. Ranger 6 ilifika Mwezini, lakini kamera zake hazikuwaka, kwa sababu mfumo wa umeme wa kamera hizo uliungua mapema wakati wa kupaa. Uchunguzi ulifanyika, wahandisi wakaupekua saketi kwa saketi, wakabadilisha kilichopaswa kubadilishwa. Karanga zilifika baada ya kazi hiyo kwisha. Kama zingefika mahali pa kazi hiyo, tungekuwa na Ranger 7 iliyokufa na karanga za bure.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu hoja moja ambayo watetezi wa desturi hizi hupenda kuitumia, kwamba zinaongeza kujiamini na hivyo zinaboresha kazi. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio ambamo watu walioambiwa kwamba mpira wao wa gofu ni wa bahati waliutumbukiza shimoni mara nyingi zaidi. Habari hiyo ilienea kote. Mwaka 2014 watafiti wengine walilirudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi, na tofauti haikuonekana. Kwa hiyo mimi sizitetei karanga kwa sababu zinafanya kazi. Nazitetea kwa sababu hazichukui nafasi ya kazi. Orodha ya ukaguzi haina mstari unaosema karanga zimeliwa, kwa hiyo endelea.

Kwingineko ni vivyo hivyo. Viongozi wa shirika la anga la India, ISRO, huenda kwenye hekalu la Tirumala karibu na Tirupati na kuweka mfano mdogo wa roketi mbele ya mungu. Julai 2023 walikwenda na mfano wa Chandrayaan-3, na 23 Agosti chombo kilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Hiyo kwa wengi wao ni ibada, na haistahili kutupwa kapu moja na nuksi. Lakini roketi zao za PSLV zilitoka C12 zikaenda C14 mwaka 2009, zikiiruka namba 13, na hiyo si ibada. Huko Taiwan mafundi huweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya Kuai Kuai juu ya seva na mitambo ya viwandani ili taa ibaki ya kijani. Isiwe imepitwa na muda, na isifunguliwe. Wanafizikia wa karne iliyopita nao walikuwa na simulizi zao kuhusu Wolfgang Pauli, kwamba akiingia tu maabara vyombo vinaharibika. Inasemekana Otto Stern alimkataza kabisa kukanyaga maabara yake Hamburg, na Pauli mwenyewe aliliamini jambo hilo.

Basi tufike kwenye namba 13, maana hapo ndipo imani ya wazi inapoanza kudhuru kidogo. Apollo 13 iliruka 11 Aprili 1970 saa 7 na dakika 13 mchana kwa saa za Houston, ambayo kwa saa ya kijeshi huandikwa 13:13, na tangi lake la oksijeni lililipuka 13 Aprili. Mtu akisikia hivyo anatikisa kichwa na kuona ameshaelewa. Kumbe hajaelewa kitu. Tangi hilo lilikuwa limeanguka kiwandani mwaka 1968, kimo cha kama sentimita 5 tu, na bomba lake la kujazia huenda lililegea. Swichi za joto ndani yake zilikuwa za volti 28, ilhali umeme wa kituo cha kurushia ulikuwa wa volti 65. Maelekezo ya kubadilisha yalitolewa na hayakufuatwa. Mwezi Machi 1970 tangi lilikataa kumwaga oksijeni wakati wa majaribio, mafundi wakawasha hita kwa saa nyingi ili ichemke itoke. Swichi zikaungana na kugoma kufunguka. Kipimajoto kwenye paneli kilikuwa na mwisho wa kama nyuzi 27 za Selsiasi, hakikuweza kuonyesha zaidi ya hapo, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba ndani joto limepanda kwa mamia ya nyuzi na kuunguza ngozi ya nyaya.

Tunapenda kusema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga nne au tano, na kila moja iliachwa wazi na mtu kwa sababu inayoeleweka. Kila anayesema "ni ile namba" anazifukia zote. Na NASA haikuwa salama na mzio huo: safari ya shatoli, chombo cha NASA kilichoruka angani, kikarudi na kurushwa tena, iliyopaswa kuitwa STS-13 ilipewa jina la STS-41-C chini ya mfumo mpya wa namba ambao wengi wameuhusisha na hofu ya 13. Safari hiyo ilitua salama 13 Aprili 1984, siku ya Ijumaa.

Tofauti na hiyo, kuna tarehe moja ambayo naiheshimu. Baikonur hairushi kitu 24 Oktoba. Mwaka 1960, tarehe hiyo, kombora la R-16 lililokwishajazwa mafuta lilikuwa likirekebishwa jukwaani, watu wamelizunguka, kwa sababu wakubwa walitaka liruke kabla ya sikukuu ya Mapinduzi. Injini ya hatua ya pili ikawaka. Marshal Mitrofan Nedelin, mkuu wa majeshi ya makombora ya Kisovieti, aliyekuwa ameketi karibu ili kuharakisha kazi, aliungua pamoja na makumi ya mafundi na askari. Hesabu zinatofautiana, na habari ilifichwa kwa miongo. Tarehe hiyohiyo mwaka 1963, moto mwingine ukaua watu kwenye shimo la kombora. Mtu anaweza kuiita siku ya mkosi. Mimi naona ni siku ya maombolezo iliyopata nguvu ya kanuni. Kila mwaka mtu kijana anayeuliza kwa nini leo hakuna kazi huambiwa kuhusu watu waliolazimishwa kukaribia kombora lenye mafuta. Jibu hilo lina thamani kuliko mabango mengi ya usalama.

Sasa shatoli ya Challenger. Kila roketi ya pembeni ya shatoli ilikuwa ya vipande vilivyounganishwa, na kwenye maungio kulikuwa na pete mbili za mpira za kuzuia gesi ya moto isipenye. Pete hizo hazikuundwa kuliwa na moto hata kidogo. Lakini katika safari kadhaa kabla ya 1986, wahandisi wakizifungua roketi zilizookotwa baharini, walikuta pete zimeliwa. Ilipaswa kuwa kengele. Badala yake, kila safari iliyorudi salama ikawa sababu ya kuruhusu inayofuata. Moto uliwahi kula theluthi ya nusu kipenyo cha pete, na ikaandikwa kwamba basi kuna kiwango cha usalama cha mara tatu. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, aliisambaratisha hoja hiyo: ukiona daraja limeanza kupasuka chini ya mzigo ambao lilipaswa kuubeba bila ufa wowote, huwezi kupima kina cha ufa na kuuita akiba. Alikuta pia kwamba mameneja waliikadiria hatari ya kupoteza shatoli kuwa 1 kati ya 100,000, wakati wahandisi walitaja 1 kati ya 100. Akauliza imani hiyo kubwa ya mameneja katika mitambo ilitoka wapi. Imani ndilo neno alilolitumia, na halikumponyoka.

Ilitoka palepale ilipotoka imani ya njiwa wa Skinner. Tumeruka na pete zilizoliwa, tumerudi. Basi kuruka na pete zilizoliwa ni salama. Bandu bandu huisha gogo, lakini anayetazama gogo kila siku haoni linavyopungua. Usiku wa 27 Januari 1986 wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo za pembeni, akiwemo Roger Boisjoly, walipinga kurusha kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 12. Wakatakiwa wathibitishe kwamba itashindwa, jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kulithibitisha kabla halijatokea. Mameneja wao wakageuza uamuzi. Asubuhi kukiwa na kama nyuzi 2, Challenger iliruka safari ya 25 ya shatoli, na sekunde 73 baadaye watu saba wakapotea.

Mwanasosholojia Diane Vaughan aliyachambua maamuzi hayo kwa miaka na kuonyesha kwamba hapakuwa na wahalifu waliokusudia. Palikuwa na watu makini waliozoea kasoro hadi ikawa kawaida. Kazi yake ilitoka 1996. Mwaka 2003 shatoli ya Columbia ilipondwa bawa la kushoto na kipande cha povu kutoka kwenye tangi la nje, povu ambalo lilikuwa likidondoka tangu safari za mwanzo na ambalo kila mara halikuua mtu. Wahandisi waliomba picha za bawa wakati chombo kikiwa bado angani. Hawakupewa. Saba wengine wakapotea.

Ndiyo maana hasira yangu yote iko hapa, na wala haiko kwenye tairi la basi. Mwanaanga anayesimama pale nyuma anajua fika kwamba anatimiza desturi, ukimuuliza atakwambia. Mtu aliyeandika "mara tatu" hakujua kwamba anaandika hirizi. Ilikuwa na namba, ilikuwa na saini, ilipita kwenye vikao, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeona haya kuitegemea.

Kipimo kipya kilikuja na Artemis I, safari ya majaribio ya NASA ya kuzunguka Mwezi. Chombo cha Orion kilirudi 11 Desemba 2022 bila mtu ndani, kikatua salama, lakini ngao yake ya joto ilikuwa imemeguka vipande mahali zaidi ya 100, kinyume na makadirio. Ingekuwa rahisi kusema kimerudi, twende. NASA ilitumia karibu miaka miwili kuchunguza, ikaurudia mmeguko huo maabara, na Desemba 2024 ikatangaza sababu: gesi iliyonaswa ndani ya Avcoat, nyenzo iliyotengenezewa ngao hiyo, kwa kukosa upenyo wa kutosha. Ikaamua safari ya Artemis II yenye watu itumie ngao ya aina ileile lakini ipite njia tofauti ya kushuka. Walikuwapo wasioridhika, akiwemo Charles Camarda, mwanaanga aliyekuwa kwenye safari ya kwanza ya shatoli baada ya Columbia. Mimi siwezi kuamua nani yuko sahihi kati yao. Ninachoweza kuona ni kwamba pande zote mbili zilibishana kuhusu gesi, upenyo na nyuzi za joto, vitu vinavyopimika, na kwamba mabishano ya aina hii hii ndiyo yaliyokatishwa kwa uamuzi wa mameneja usiku ule wa 27 Januari 1986.